Mwezi ku Kitanda ya Séraphine

“Shemeji! Mwezi inaruka tena! Inaruka kama kuku ya kufungwa muguu!”

Eulalie alikuwa anapigia kelele ku dirisha. Barthélemy alikuwa amepiga magoti mu majani, tournevis ya kukaza mashini kati ya meno, na mutu wa namna hiyo hawezi kujibu. Alitoa tournevis.

“Inaruka kuelekea wapi?”

“Mi niko najua wapi? Inakaa kidogo, inaruka, inarudi. Dada anasema macho inamuuma.”

Ilikuwa saa moja na nusu ya mangaribi. Mwezi ulikuwa wa siku ine tu, na kabla ya saa tatu ungelala nyuma ya mulima Kahuzi. Mu nyumba, hatua makumi sita kutoka pale, Séraphine, muke wake na dada ya Eulalie, alikuwa anamalizika. Daktari alimurudisha Jumatatu na kusema yale madaktari wanasema wakati dawa imekwisha: mumupe kila kitu anapenda. Na Séraphine hakupenda nyama wala Fanta.

“Nataka kumuona huyu muke mwenzangu,” alisema. “Miaka makumi mbili unamufuata kila mangaribi. Munionyeshe sura yake kabla niende.”

Muke mwenza alikuwa teleskope ya masomo, ile shule ya mapadri. Barthélemy, mwenye ku karatasi za serikali alikuwa citoyen, mwananchi, Cirhuza tu, kwa kuwa siku hizo jina ya ubatizo haikuwa na ruhusa ya kuingia mu ofisi, alikuwa mulinzi wa labo, chumba ya majaribio. Muchana anapangusa vumbi ku chupa. Mangaribi anafungua ile teleskope, wanafunzi wanaangalia, wanasukumana, wanaenda kulala. Yeye anabaki.

Mara moja tu Séraphine alikuja kuangalia. Ilipita miaka kumi na moja. Aliweka mukono juu ya bomba ya teleskope, polepole, vile mutu anagusa ngombe ya wengine, na nyota ikatoka mu kioo. “Maman, hapa haiko jikoni!” Barthélemy alisema kwa sauti mbele ya wanafunzi. Wanafunzi walicheka. Yeye pia alicheka. Séraphine alifunga kitenge yake vizuri, akarudi nyumbani, na hakukanyaga pale tena, hata mwaka ile ya nyota ya mukia, wakati nusu ya muji ilipanda kuangalia.

Sasa hakuweza hata kukaa. Ukimugeuza na shuka, mifupa inalia. Kumubeba inje, hapana. Lakini kulikuwa kamera, mapadri waliipata kutoka Ulaya: unaiweka pale jicho ingekaa, unavuta kable, na kile bomba inaona kinatokea ku televizio. Padri Donatien, mukubwa wa masomo, alitoa televizio ya salon yao. “Usiivunje, Barthélemy,” alisema. “Kuko match Jumamosi, siku ya posho.” Kisha aliona aibu ya ile maneno, akaibeba mwenyewe mupaka ku kitanda ya mugonjwa.

Kable ilikuwa vipande saba, vyenye kuungwa na scotch, ile utepe ya kubandika. Kable haikuwa shida. Shida ilikuwa uzito.

Ile mashini ilitengenezwa kwa watu wa Ulaya. Kitabu yake inasema muhimili, kile chuma bomba inazungukia, usimame nusu, kichwa kiangalie kaskazini mu hewa. Ukifanya vile Bukavu, unafuata kitu chenye hakiko. Huku muhimili unalala chini kama mutu mwenye homa, kichwa kaskazini, upande wa Kavumu, tena unainama kidogo. Barthélemy aligundua ile peke yake, na mawe tatu chini ya miguu ya nyuma. Lakini muhimili ukilala, uzito hauna tena mahali pa kujificha. Gramu moja ikizidi, motere inaumia. Na kamera ilikuwa na uzito wa kuku mbili.

Njo maana tangu saa kumi na moja alikuwa anasukuma kile chuma cha kulinganisha uzito ku fimbo yake, unywele moja mbele, unywele moja nyuma, mupaka bomba ikawa inabaki pale unaiacha, popote unaiacha. Sawa kabisa. Hata siku moja hakuilinganisha vizuri namna ile. Na sasa mwezi ilikuwa inaruka.

“Shemeji! Anakuita! Kuja!”

Aliingia na majani ku magoti. Televizio ilikuwa juu ya malle, sanduku ya nguo, na mwanga yake ilimufanya Séraphine awe wa rangi ya majivu. Ku kioo, kipande ya mwezi ilitetemeka, ikaruka, ikarudi.

“Uliilinganisha namna gani?” Sauti yake ilikuwa ndogo. Barthélemy aliinama.

“Sawa, Séra. Sawa kabisa. Hata inzi akikaa juu, utaona.”

“Njo kosa.”

“Kosa gani?”

“Balance ya papa yangu, kule Mwenga. Mizani ya kupima zahabu. Mi njo nilikuwa napima, na vijiti vya kiberiti.” Alipumua. “Ukiiweka sawa sana, haijue ilale wapi. Mutu akikohoa, inatetemeka. Papa alikuwa anaweka kipande ya kiberiti upande moja. Kila siku ule ule upande. Inalala pale, inatulia, unapima.”

“Papa yako alikuwa mwizi.”

“Mwizi wa haki,” Séraphine alisema. “Aliibia kila mutu sawasawa.”

Alicheka, na kicheko ikageuka kikohozi, na Eulalie akamupangusa midomo na kitambaa. Barthélemy aliangalia ile televizio. Aliwaza meno ya motere, na ile nafasi ndogo kati ya jino na jino, na bomba yenye haina uzito upande wowote ikicheza mule ndani, mara huku, mara kule, kama mulevi mu mulango.

“Weka uzito kidogo upande moja,” Séraphine alisema. “Ipate kitu ya kusukuma.”

“Séra, ile siku ya wanafunzi...”

“Enda. Mwezi inashuka.”

Alikimbia. Alilegeza visi na tournevis, akavuta kile chuma nusu ya kidole, ili upande wa jua kutokea ulemee kidogo. Mikono yake ilikataa; miaka makumi mbili iliifundisha kinyume. Alikaza. Motere ilibadilisha sauti, ikawa nzito kidogo, kama mutu mwenye amepata muzigo na anajua anaupeleka wapi.

Kimya. Kisha kelele.

“Imekaa! Shemeji, imekaa kabisa! Anasema... ngojea... anasema, huyu njo ulikuwa unaniacha sababu yake? Iko na ndui uso muzima!”

Barthélemy alicheka peke yake mu giza mupaka machozi.

“Mwambie nakuja!”

Alipiga hatua mbili, akasimama. Mwezi inatembea polepole kuliko nyota, na ile motere ilitengenezwa kufuata nyota. Lazima kidole ikae ku buton, finya, acha, finya, acha. Akienda kukaa pembeni ya kitanda, mu dakika kidogo Séraphine atabaki na televizio nyeusi.

“Anasema ubaki!” Eulalie aliita, kama mwenye alisikia mawazo yake. “Anasema, leo njo mara ya kwanza unakaa inje kwa ajili yake!”

Alirudi. Aliweka jicho ku kale kateleskope kadogo ka kufungwa pembeni ya bomba, na kidole ku buton. Finya, acha.

“Anauliza, ile vitu vyeupe ku mupaka wa giza ni nini?”

“Milima! Jua inapiga juu yake. Kule njo asubui inaanza!”

Alisikia Eulalie anarudilia, polepole, mudomo ku sikio ya dada yake.

“Anasema, basi kule wanachota maji sasa.”

“Mwambie ndiyo!”

Finya, acha. Baridi ilipanda kutoka ku ziwa. Maulizo ilikuja moja, kisha nyingine nyuma yake sana, kisha haikuja. Alingojea. Alisikia kiti kinavutwa ku ciment.

“Eulalie?”

Eulalie alitokea ku mulango. Alikuwa ametoa kitambaa ya kichwa, na alikuwa anaifunga ku kiuno, vile wanawake wanafunga ku kilio, polepole, mafundo mbili. Nyuma yake dirisha iliendelea kuwa na ile mwanga ya majivu.

Barthélemy hakutoa kidole.

“Yuko anaona vizuri?” aliuliza.

Eulalie aligeuka, akaangalia dirisha.

“Mwezi iko katikati, shemeji,” alisema. “Iko katikati kabisa.”

Finya, acha. Mu kale kateleskope kadogo vitu vinaonekana kichwa chini, na miti ya mugongo wa mulima ilianza kushuka kutoka juu, jani kwa jani, nyeusi, kuingia mu mwanga. Mwezi ilipunguka. Ilibaki kama mustari, kisha ikabaki miti. Motere ilikuwa inasukuma bado, na bomba ilishuka nayo, polepole, kuangalia udongo.