Kitambaa Namba Sita

Jumanne saa sita na nusu mchana, katika nyumba ya masista wamisionari mjini Lezhë, Sista Perla alikuwa akipanga mezani vitambaa vya kufutia mdomo. Vilikuwa vinne, kila kimoja kimedariziwa namba ya mwenyewe kwa uzi mwekundu. Cha kwanza kilikuwa cha Mama Mkuu Ersilia, Mwitaliano. Cha nne kilikuwa cha Perla, aliyetoka Ufilipino. Mlango wa jikoni ukafunguka, akaingia mama yake, aliyezikwa huko kwao kisiwani Samar siku tisa zilizopita.

Alikuwa na ndala miguuni na mfuko wa samaki wakavu.

"Mbona umekonda hivi, mwanangu? Huku hawapiki wali?"

"Wanapika makaroni, Mama."

"Masikini! Hebu sogea nikae. Ni mbali huku kwenu."

Perla akasogea. Alijua anapaswa kulia, lakini machozi hayakuja. Tangu Februari, alipoomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mama yake, akajibiwa kwamba likizo ni kila baada ya miaka mitano na yeye ana mitatu tu, kifua chake kilikuwa kimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Masista wakaingia, wakasalimia. Mama Ersilia akatazama ubao wa jikoni.

"Wageni huandikwa hapa kabla ya Jumatatu," alisema, bila ukali. "Lakini karibu, mama."

"Nisamehe, Mama Mkuu. Nilikuwa naumwa."

Akabaki. Hakula wala hakulala. Wiki ya pili Perla alimshonea kitambaa namba tano, na jina lake likaingia kwenye zamu ya vyombo, Alhamisi na Jumamosi.

"We mama, punguza!" Sista Godelieve, Mkongo, alimtania. "Masufuria yanang'aa mpaka sisi tunaonekana wavivu."

Kila siku Perla alingoja mama yake amuulize kwa nini hakwenda. Hakuulizwa. Mwishowe akaacha kungoja.

Oktoba, Sista Danuta aliitwa kwenye simu kutoka Poland. Wakati wa chakula akasimama, mikono ndani ya aproni.

"Baba amepooza, Mama Mkuu. Daktari anasema wiki mbili. Naomba niende. Ni basi tu, siku mbili nimefika."

Mama Ersilia akaweka uma chini. Alisikitika kwelikweli.

"Pole sana, mwanangu. Bado una mwaka mzima kabla ya likizo yako. Na kwani unahangaikia nini? Si unamuona mama yake Perla? Baba yako atakuja mwenyewe. Nafasi ipo."

Danuta akamtazama Perla. Perla akafungua mdomo aseme kwamba siyo sawa, kwamba haifanani hata kidogo. Akaufunga.

"Perla, mshonee mzee kitambaa," Mama Ersilia alisema. "Namba sita."

Baada ya chakula Perla alitoa uzi mwekundu. Mama yake akamtungia sindano kwa mara moja tu, maana tangu afe macho yalikuwa yamepona.

"Huyo mzee," aliuliza, "ameshaambiwa kwamba binti yake haji?"

"Bado, Mama."

"Wamwambie mapema. Mimi nilikuwa nautazama mlango tu."

Perla akanyoosha kitambaa magotini, akaanza kushona namba sita.