Bendera za Bofulo

Mimi ni mlinzi wa geti, na geti lenyewe halipo. Tajiri wangu, Bwana Ian wa Nairobi, alikataa kujenga ukuta. Alisema wageni huja Ras Kitau kuona bahari, hawaji kuona mawe. Basi nyumba iko wazi pande zote, na njia ya wanakijiji inapita mbele yake, kutoka gatini hadi msikitini. Mwanzoni sikujali. Mwizi gani atavuka maji kuja kuiba mito ya viti?

Shida ilikuja na mbwa. Bwana Ian alimleta na jina la Kizungu ambalo hata yeye alilisahau. Bi Mwanamkisi, mpishi wetu kutoka Pate, alimtazama ile rangi yake ya mkate ulioiva akamwita Bofulo, ndio mkate kwao. Hakumgusa hata siku moja, maana mate ya mbwa kwake ni najisi; yakimpata ni kunawa mara saba, moja kwa mchanga. Lakini alimsema kutwa nzima kupitia dirisha la jikoni, kama shemeji mvivu aliyekuja kutembea akasahau kurudi kwao. Nilimlisha mimi, nilimwogesha mimi, na macho yake yalikuwa dirishani tu. Niliona wivu, nisiseme uongo.

Bofulo alikuwa na kosa moja: alipenda watu. Akiona kanzu nyeupe, mbio akailaki. Ijumaa mbili alilamba watu waliokuwa wakienda kuswali, wakarudi nyumbani kujitoharisha, na swala ikawapita. Bwana Jeilani, msimamizi wa msikiti, akaja kwangu kwa heshima zake zote.

“Bwana Patroba, hii ni nti ya watu. Akitoka tena ndiani, hatutakuya kuzungumza.”

Nilimwelewa. Mbwa angeuawa.

Nikampigia tajiri. Badala ya ukuta, akatuma waya. Nizike waya kuzunguka uwanja, mbwa avae mkanda shingoni. Akiukaribia waya, mkanda unalia. Akizidi, stimu ya umeme inamchoma. Ua, lakini hauonekani. Ili mbwa aujue mstari, unachomeka bendera ndogo nyeupe juu yake na kumtembeza hapo wiki mbili, kisha unaziondoa kidogo kidogo. Nilichomeka. Bofulo hakuwa mjinga. Siku ya tatu alikuwa akifika kwenye bendera anakaa kitako, ananigeukia nimsifu, nami namsifu. Nilianza kuamini kwamba mbwa wangu atapona.

Asubuhi iliyofuata nilikuta chetezo kinafuka ubani kando ya bendera. Mchanga ulikuwa umenyunyizwa marashi, na palikuwa na sahani ya halua. Wanawake waliopita alfajiri waliona bendera nyeupe kwenye uwanja mtupu, na huku bendera za namna hiyo huwekwa penye kaburi la mtu mwema. Walidhani pamegunduliwa kaburi la sharifu. Halua ilikuwa imeshaliwa na Bofulo, sahani anairamba. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Bi Mwanamkisi hakucheka. “Wamemtilia mbwa ubani, Bwana Patroba. Wakiyua, nti hii utaiona tungu kama shubiri.”

Walijua kabla ya adhuhuri. Waliaibika, na aibu ikageuka hasira. Bwana Jeilani alisimama njiani akasema neno moja tu: “Zing'oe.” Nikazing'oa zote, yeye akitazama. Nilipomweleza Bwana Ian, hakufikiri hata kidogo. “Sasa si uongeze stimu mpaka mwisho? Atajifunza tu.”

Alijifunza, masikini. Bila bendera hakujua maumivu yanatoka wapi, akaamua yanatoka kila mahali. Alilala chini ya ngazi ya jikoni, hakwenda popote. Nikimshika shingo kumfunga ule mkanda, anajikojolea. Ningemvua, lakini bila mkanda angetoka njiani wamuue. Nilimvalisha kila asubuhi, nikijichukia.

Ijumaa, paka akakatiza uwanja na kichwa cha samaki mdomoni. Bofulo alisahau yote. Alimfukuza, akapita juu ya waya na ukelele ambao bado nausikia, akatokea njiani.

Nilikimbia kuzima kisanduku cha stimu. Nikakizima, lakini mbwa utamwambiaje kwamba imezimwa? Alisimama hatua mbili nje ya mstari, analia kutaka kurudi, na hathubutu. Nikitoka kumfuata anarudi nyuma, maana mkono wangu ndio ulioleta mkanda. Na kule gatini kanzu nyeupe zilikuwa zinapanda.

Ndipo Bi Mwanamkisi akatoka jikoni, kesha kutawadha, buibui limemkaa vizuri, akamwita aje. “Ndoo, Bofulo. Ndoo, mvivu we.” Bofulo akamwendea kwa tumbo, akalala miguuni pake. Akainama, yule mama, akamshika mkanda kwa mkono wake mtupu na kumvuta nyumbani. Mungu wangu, nilifurahi! Walipofika juu ya waya, Bofulo akaona anapelekwa motoni. Akamuuma kiganja.

Kila mtu aliona damu. Bwana Jeilani alivua kilemba chake akamfunga mkono, kisha akanigeukia. “Hata kwenu bara, mbwa wa kuuma watu hafugwi.” Ni kweli, hafugwi.

Bi Mwanamkisi alipelekwa kwa boti hospitalini Amu kudungwa sindano. Bofulo alibaki palepale nje ya mstari, usiku na mchana, hatoki wala haingii. Jumamosi niliona njiani kipande cha nyama kinachonuka dawa, nikakiokota nikakitupa baharini. Nilimsihi nahodha amchukue. Akasema mbwa haingii mashuani mwake. Bwana Ian aliandika: “Fanya unavyoona. Nitaleta mwingine, huyo tutamfunza akiwa mdogo.” Jumapili nilikuta mabaki ya kipande cha pili, kimeshaliwa.

Alikuwa amekufa akiielekea nyumba. Nilimvua mkanda kwanza, halafu nikambeba nikavuka naye mstari. Safari hii hakulia.

Nilimzika chini ya ngazi ya jikoni. Bi Mwanamkisi alikuwa amerudi, mkono umefungwa bandeji nyeupe, anatazama kupitia dirishani. Nilipomaliza kushindilia mchanga, alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

“Bwana Patroba,” akaniambia, “bendera usitie.”