Diski ya Mama

Kazi ya kaka yangu ni kupima diski pepe, yaani faili moja linalojifanya diski nzima ya kompyuta. Hulijaza sifuri tupu, zinazofuta kila kilichokuwemo, kisha hulisoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Kwa hiyo hupima nakala tu; faili lenyewe haligusi.

Yote yaliyokuwa kwenye kompyuta ya marehemu mama, kaka aliyahifadhi kwenye faili kama hilo, pamoja na sauti yake akitugombeza kwa kuacha sufuria wazi. Leo kalipima hilo hilo, bila nakala.

"Mtu mzima ovyo!" nilimfokea.

"Nilitaka kuhakikisha mama hatapotea, dada."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kwenye kioo yakatokea maandishi ya kijani: "Jaribio limefaulu. Hakuna kilichopotea."