Barua ya Mjomba Mikaeli kwa Mikaeli Mdogo

Waheshimiwa wasomaji, natangaza rasmi kwamba mwaka huu nimeandika waraka wa hekima ya mwanamume wa miaka hamsini na minne, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwembesongo na kitambi cha heshima. Mimi nina miaka kumi na sita. Niliuandika nyuma ya jiko la shule, kati ya sufuria moja la ugali na jingine, nikitumikia adhabu ya kumwaga upupu kwenye shuka za kiranja wa bweni.

Shule yetu, hapo Bigwa, ina desturi yake siku ya mahafali. Mgeni rasmi hupewa bahasha iliyofungwa, huifungua mbele ya watu, na kusoma barua ya ushauri aliyojiandikia yeye mwenyewe wa enzi za ujana. Wazazi hulia. Ukweli ni kwamba wageni rasmi hawana muda wa kujiandikia chochote. Huandikiwa na Mwalimu Rogers wa Kiswahili, naye safari hii alikuwa na mitihani ya kusahihisha.

"Lukasi, maneno unayo," aliniambia. "Andika kurasa mbili. Heshima, bidii, kumcha Mungu. Ukimaliza, adhabu imeisha."

"Mgeni rasmi ni nani, mwalimu?"

"Mzee Mikaeli. Yule aliyetupatia mabati ya bwalo."

Nikainamia sufuria asinione uso. Mzee Mikaeli ni kaka yake mama, tumbo moja. Mwalimu hakujua, maana mimi natumia jina la baba.

Kwa asiye Mluguru nieleze kidogo. Kwetu milimani ardhi hupita kwa mama, na msimamizi wake ni mjomba. Baba akikukosea, unamshitaki kwa mjomba. Mjomba akikukosea, unampa shikamoo. Likizo ya mwezi wa sita mjomba aliamua kwamba kipande cha Mgeta, ambacho mama amepanda njegere na karoti tangu sijazaliwa, apewe mtu wa mjini ajenge nyumba ya wageni. Hakumuuliza mama. Mama alirudi kutoka sokoni Nyandira akakuta vigingi vimechomekwa katikati ya karoti, akadhani kaka yake ametuma mafundi. "Mjomba wenu ameshasema," akatuambia. Kesho yake akapalilia, akivizunguka vile vigingi kama vile navyo ni miche. Zilibaki saini za ukoo tu, ya mama ikiwemo, Jumapili ya baada ya mahafali.

Hasira yangu ilikula nami bwaloni na kulala nami kitanda cha juu. Kwa hiyo niliandika barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya heshima na bidii. Mwalimu Rogers aliisoma, akaifunga kwenye bahasha, akanikabidhi niipeleke jukwaani kwenye sinia lenye kitambaa. Ya pili ilikuwa tayari chini ya kitambaa, kwenye bahasha kama ile, nami njiani nikazibadilisha.

Mama alishuka kutoka Mgeta na kikapu cha peasi. Alikuja kwa ajili ya kaka yake. Mimi sikuwa nahitimu chochote.

Mjomba akavaa miwani. "Mpendwa Mikaeli wa miaka kumi na sita," akasoma kwenye kipaza sauti. "Ukiwa mkubwa watu watakupa viti vya mbele. Usidhani ni kwa sababu una akili."

Watu wakacheka. Naye akacheka.

"Una dada. Wewe ukiwa darasani, yeye anabeba kabeji kichwani mpaka Nyandira ili upate viatu vya shule. Usije ukasahau kichwa chake." Sauti ikaanza kushuka, ila kipaza sauti hakina huruma. "Usije ukampimia shamba lake kwa kamba siku ambayo hayupo. Na ukishindwa kujizuia, angalau usivae mabuti yake aliyoyaacha mlangoni."

Akaigeuza karatasi nyuma, akairudisha. Mabati aliyotupatia yalikuwa yanalialia kwa jua.

"Nani ameandika upuuzi huu?"

Mwalimu Rogers akanitazama. Mimi nikatazama mabati. Ndipo mama, ambaye hata kwenye jumuiya huomba wengine wamsemee, akasimama.

"Kaka, ulivaa mabuti yangu?"

"Yustina, hapa si mahali pake."

"Nimeuliza mabuti. Niliyakuta na tope, nikadhani nazeeka, nimesahau kuyaosha. Kumbe ulikuja mwenyewe. Ukavaa viatu vyangu kunipimia shamba langu."

Wazazi wa Mgeta waliokaa nyuma wakaguna, mguno mmoja mrefu.

"Tutaongea Jumapili," mjomba akasema.

"Tutaongea, ndiyo. Saini hakuna."

Mjomba akaikunja barua mara nne, akavua miwani. "Sawa," akasema, nje ya kipaza sauti, lakini tulisikia.

Nilitaka kurusha sinia juu. Nilikuwa nimeshinda, na bado nilikuwa na hasira, jambo lililonishangaza. Mama hakukaa. Alikuja pole pole kati ya viti mpaka niliposimama.

"Siku ile nilikuwa Nyandira," akasema. "Baba yako alikuwa kazini Ngerengere. Hayo mabuti aliyaona nani?"

"Labda jirani, mama."

"Jirani." Akaliangalia sinia, akaniangalia mimi. "Lukasi, kamba ya kupimia ina ncha mbili. Mjomba wako alishika moja."

Kwa kawaida huwa nina jibu. Nimewahi kumweleza mwalimu wa zamu kwamba upupu uliletwa na upepo kutoka Uluguru, akabaki anafikiri. Safari hii niliweka sinia chini.

"Nyingine niliishika mimi."

Siku ile Mzee Mikaeli aliniita "mjomba", jinsi wakubwa wanavyoitana, akasema njoo nisaidie, nami nikakimbia. Nilijua shamba ni la nani. Nilijua mama hayupo. Nilikunywa hata soda aliyoninunulia. Kisha nikarudi shuleni kumchukia yeye miezi mitatu, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Yule kijana wa miaka kumi na sita niliyemwandikia hakuwa Mikaeli. Jina tu nilibadilisha.

"Ulimshikia tu?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Kamba ililegea, ikaishia pembeni mwa karoti. Mimi ndiye niliyesema, mjomba, vuta."