Mbwa Mkali wa Bohari

Haya, nani alimtuma yule mama achague mbwa kwa picha? Mama mwenyewe alikuwa afisa utawala wa bohari ya shirika, ile inayotunza mashuka, sabuni na balbu za hospitali. Wenzake walimwita Bi Taratibu, maana kwake kila jambo lilikuwa na taratibu zake, hata kuazima kalamu. Sasa, vitu vilikuwa vinayeyuka bohari pale. Maboksi yanaingia yamejaa, jioni yamejaa, asubuhi ukiyanyanyua unanyanyua hewa. Mkurugenzi akaitisha kikao, akapiga meza, akasema wezi wamemchosha na anataka mbwa, tena mbwa mkali. Kazi ya kumtafuta akampa Bi Taratibu, ambaye alikuwa bado yuko kwenye majaribio. Akamwambia wazi kwamba mbwa akifaa, barua ya kuthibitishwa kazini ataipata.

Bi Taratibu maishani mwake hakuwahi kufuga hata kuku. Alifungua simu, akapekua picha za mbwa mpaka akamwona mmoja mkubwa, manyoya marefu ya rangi ya asali, kifua kipana, mdomo wazi, meno yote nje. Akasema moyoni, huyu ndiye. Jamani, yule mbwa alikuwa anacheka! Alikuwa wa aina ya retriva, mbwa ambao mtoto akiwavuta masikio wanaona wamependelewa. Lakini mama wa watu aliona meno, akaandika dokezo, dokezo likapita, mbwa akaletwa. Wakampa jina la Radi.

Siku ya kwanza tu Radi alimlaki askari wa geti kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Akamlaki dereva, akamlaki mfagiaji, akamlaki na muuza magazeti aliyekuwa amekosea mlango. Na hakuwalaki mikono mitupu, kama mbwa angekuwa na mikono. Kila mmoja alimletea kitu mdomoni: kiatu, dekio, hata miwani ya mhasibu, nzima, haina mkwaruzo. Mkurugenzi alitazama haya yote dirishani akaguna. Akamwita Bi Taratibu, akamwambia bodi inakuja kukagua bohari, na siku hiyo anataka kuona mbwa wa kutisha, la sivyo hiyo barua aisahau.

Maji yakamfika shingoni. Akabandika tangazo kwamba ni marufuku kumpapasa mbwa, kumchekea au kumwita kwa sauti ya mapenzi. Akamfungia nyuma ya bohari peke yake ili apate hasira. Radi hakupata hasira, alipata huzuni. Alijilamba mguu mpaka ukachubuka, manyoya yakashikana mafundo, masikio yakaanza kunuka. Bakuli lake la chakula, ambalo siku zote alilimaliza kabla halijatua chini, likawa linashinda limejaa. Bi Taratibu akaingiwa na woga, akamwita daktari wa mifugo.

Daktari alisoma lile tangazo ukutani, akacheka mpaka akajifuta macho. Akamweleza kwamba mbwa hawa walizalishwa kwa ajili ya wawindaji wa ndege. Ndege akipigwa akaangukia majini, mbwa anaogelea, anambeba kwa mdomo laini usioharibu hata unyoya, anamrudisha kwa mwenyewe. Ukimtenga na watu anaugua. Anataka kupigwa brashi, masikio yakaushwe kila akioga, akimbizwe asubuhi na jioni, na chakula apimiwe, kwa sababu akipona hatajua kushiba ni nini.

"Na ukali je, daktari?"

"Ukali tafuta kwingine, dada. Huyu anachojua ni kurudisha vitu."

Afisa wetu akanywea. Lakini mgonjwa alikuwa mgonjwa wake, na tangazo alilibandika yeye, kwa hiyo nani mwingine amuuguze? Akalibandua. Akawa anawahi kazini kabla ya watu, anampiga Radi brashi kwa taratibu: mgongo kwanza, kisha tumbo, mkia mwisho. Manyoya yakaganda kwenye sketi yake nyeusi, yakaingia kwenye mafaili, yakaelea kwenye chai ya mhasibu, na mhasibu akanuna wiki nzima. Radi akapona. Akawa anamwekea mama kichwa mapajani na kushusha pumzi. Nyumbani kwa Bi Taratibu hakukuwa na wa kuzungumza naye ila redio. Tuseme ukweli tu: alimpenda yule mbwa, alimpenda kweli kweli, akaanza kuomba siku ya bodi isifike.

Ikafika. Wajumbe walisimama uani, Mwenyekiti wao mbele, tumbo limemtangulia. Mkurugenzi akatoa hotuba ndefu kuhusu wezi, jinsi walivyo watu wasio na utu, wanaoiba shuka la mgonjwa. Sauti ilimtetemeka kwa uchungu. Kisha akaamuru mbwa aachiwe, wageni wamwone. Bi Taratibu akafungua kamba, roho mkononi.

Gari la Mkurugenzi lilikuwa limeegeshwa pembeni, buti wazi, dereva akitafuta maji ya wageni. Radi alinusa hewa, akalifuata moja kwa moja, akatumbukiza kichwa ndani ya buti. Akatoka na shuka jipya, bado limo kwenye mfuko wake, muhuri wa bohari unasomeka. Akalileta polepole, akaliweka miguuni pa Mwenyekiti, akakaa kungoja sifa. Hakuna aliyemsifu. Akadhani halijatosha. Akarudi kuleta sabuni. Akarudi tena kuleta balbu, na balbu haikupata hata ufa. Dereva wa Mwenyekiti naye, ambaye hakuna aliyemsemesha, alitimua mbio kwenda kufunga buti ya gari lao.

Wajumbe wote walikuwa wanatazama mawingu. Mmoja akasema huenda mvua ikanyesha. Wakaingia ndani, wakafunga mlango, na hawakukawia. Bi Taratibu alipoitwa alikuta mezani karatasi mbili. Moja ilikuwa barua yake ya kuthibitishwa, imeshapigwa muhuri. Nyingine ilikuwa taarifa isemayo kwamba mbwa Radi ni mkali kupindukia, amehatarisha usalama wa wageni, na kesho asubuhi achomwe sindano ya kumuua. Ilibaki sahihi ya afisa utawala tu.

Aliisoma yote. Kisha akauliza.

"Amemng'ata nani?"

Mwenyekiti akakohoa. Mkurugenzi akamsogezea kalamu, akasema kwa upole wa baba mkwe, "Mama, usitafute maneno. Weka sahihi, kazi unayo."

Bi Taratibu akaomba karatasi aende nazo akazisome tena kwa utulivu, kama taratibu zinavyotaka. Wakacheka, wanamjua. Wakampa mpaka kesho.

Saa ya kutoka kazini alifika getini na Radi kwenye kamba. Askari akamzuia kwa adabu zote. Alisema mbwa ni mali ya bohari, ana namba ya mali shingoni, na mali haitoki bila kibali cha Mkurugenzi. Mama anajua, sheria hiyo aliiandika mwenyewe. Kabla hajamjibu, honi ikalia nyuma yao. Lilikuwa gari la Mkurugenzi, nyuma limelala kwa mzigo. Askari alinyanyua kizuizi upesi, akapiga saluti, gari likapita bila kupunguza mwendo. Radi alilipungia mkia mpaka likakata kona.

Askari akashusha kizuizi. Hakumtazama mama usoni.

"Sasa mimi niandike nini, mama?"

"Andika nimeiba mbwa."

"Mama, utafukuzwa kazi. Watakupeleka polisi."

"Andika."

Akaandika, mkono mzito. Bi Taratibu akasoma, akamrekebishia tarehe, akaweka sahihi kamili na jina chini yake. Kisha akainama, akapita chini ya kizuizi na mbwa wake.

Bohari ile iliibiwa siku hiyo hiyo, ikaibiwa siku iliyofuata, na inaibiwa mpaka leo. Lakini ukifungua kitabu cha getini, mwizi aliyewahi kuandikwa ni mmoja tu, na ni yeye.