Rangi Aliyoichagua Fundi Jicho

Mlango ulikuwa wa gari lililokufa zamani. Ulikuwa umeegemezwa ukutani, mahali palipochomwa na jua kutwa nzima, na juu yake Fundi Jicho alikuwa amepaka viraka vitatu vya rangi nyeupe, kila kimoja sawa na ukubwa wa daftari. Alichuchumaa mbele yake. Alikwaruza kwa ukucha, akasugua kwa kitambaa chenye petroli, akanusa, akaandika. Kikohozi kilipomjia aliinuka haraka, akaenda kukoholea nyuma ya kompresa, ambako muungurumo wake ungemsitiri.

Ilikuwa wiki ya tatu ya majaribio. Gereji ilikuwa imepata kazi ya kupaka upya magari arobaini ya kampuni ya mikate, na Bosi alitaka rangi ya bei nafuu ambayo wangeitumia kwa kazi zote kuanzia sasa. Wauzaji watatu walileta makopo yao. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumwuliza Jicho anapenda rangi gani. Alipewa kopo, akapaka. Safari hii Bosi alimwambia kwamba yeye ndiye mtaalamu, apime kisha ampe jibu. Jicho alinunua daftari jipya. Darasani hakufika mbali, lakini kusoma karatasi za rangi alijifundisha mwenyewe, neno kwa neno, kidole kikitangulia macho.

Namba moja ilikuwa ghali, ikajiondoa yenyewe. Namba mbili ilikuwa ya bei ya kadiri na haikuwasha kifua, ila ilichukua siku mbili kukauka. Namba tatu ilikuwa nafuu kuliko zote, ikakauka kabla ya saa sita mchana, ikang'aa kama kioo. Lakini ilichanganywa na dawa ya kukaushia, na karatasi ya dawa hiyo, kwa herufi ndogo ambazo Jicho alizisoma mara tatu, ilisema mpakaji avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Ilisema kitambaa hakitoshi. Ilisema kifua kikishaharibika hakirudi.

Gerejini hapakuwa na barakoa ya namna hiyo. Vitambaa vilikuwapo.

Alimpelekea Bosi daftari ofisini. Bosi alimvutia kiti, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, akausifu mwandiko. Kisha akauliza, kwa upole, ikiwa namba mbili inakauka kwa siku mbili, na banda la kupakia ni moja, magari arobaini yataisha lini. Jicho alipiga hesabu kichwani, akatikisa kichwa. Bosi akasema hivyo ndivyo na yeye alivyoona. Kampuni ingeipeleka kazi kwingine, na hapo angelazimika kuwaaga wanyoosha bodi wawili pamoja na mpakaji wa pili. Mpakaji wa pili aliitwa Mluzi. Alikuwa mdogo wake mke wa Jicho, na Jicho ndiye aliyemleta pale. Kuhusu barakoa, Bosi alisema wataangalia mbele ya safari.

"Mimi sikulazimishi, fundi," alisema. "Mimi sipaki, wewe ndiye unayepaka. Chagua."

Kesho yake Bosi aliwakusanya wafanyakazi wote tisa, karani akiwa na kitabu cha kumbukumbu mapajani. Jicho akasimama kando ya mlango, akasema namba tatu. Mnyoosha bodi mmoja akatania kwamba hiyo namba tatu inaliza kuliko msiba wa tajiri, watu wakacheka. Mluzi, aliyepewa jina hilo kwa sababu alipiga mluzi tangu anaingia kazini mpaka anatoka, hakucheka.

"Na kifua, shemeji?" aliuliza. "Maana wewe umeivuta wiki tatu."

Jicho aliutazama mlango. "Sina neno."

"Kweli?"

"Ningekuwa na neno ningekuficha wewe, ndugu wa mke wangu?"

Karani aliandika. Bosi akamwomba Jicho atie sahihi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepima, naye akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa.

Kazi ikaanza. Wapakaji walipaswa kupeana zamu bandani, lakini haikupita wiki Jicho akawa amejigawia kuchanganya rangi na kusugua msasa, nje, penye upepo. Alisema rangi inahitaji jicho lake. Rangi nyeupe haihitaji jicho la mtu. Wote walilijua hilo, na hakuna aliyemwambia, wala Mluzi. Mkaguzi wa serikali alifika siku moja, akachungulia banda kutoka mlangoni, akaondoka na gari lake likiwa limefutwa mikwaruzo.

Kwenye gari la kumi na saba mluzi ulikatika katikati ya wimbo, na Mluzi mwenyewe akaucheka. Kwenye la ishirini na sita hakupiga tena. Alipaka upande mmoja, akatoka, akashika ukuta kwa mikono miwili kama mtu anayesukuma gari bovu, kisha akarudi kumalizia upande wa pili. La ishirini na tisa alilimaliza. Walimkuta amekaa kwenye sakafu ya banda, midomo imegeuka rangi. Hospitalini walisema asisogelee rangi tena maisha yake yote, na kwamba kupanda ngazi sasa itakuwa kazi.

Mke wa Jicho ndiye aliyeamua waende kwa Bosi kuomba msaada wa matibabu. Alizungumza kwa adabu, mikono mapajani. Bosi alisikiliza mpaka mwisho, na huzuni yake haikuwa ya kuigiza. Akamwita karani alete kitabu.

"Mama, mimi si mtu wa kuficha mambo," alisema. "Soma mwenyewe."

Alisoma polepole. Palikuwa na tarehe, palikuwa na namba tatu, na chini yake: *Fundi amesema ameivuta wiki tatu, hana neno.* Kisha jina la mumewe, herufi kubwa. Alifunga kitabu, akashukuru, akasimama.

Njiani alitangulia mbele. Walipofika penye kona alisema bila kugeuka, "Ulikuwa unakohoa. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuchemshia maji."

Jicho alitaka kumweleza habari ya siku mbili, na ya banda moja, na ya watu watatu ambao wangeagwa. Yote yalikuwa kweli, naye akamfuata nyuma tu.

Jumatatu mke wa Mluzi alikuja langoni amevaa ovaroli ya mumewe, mikono imekunjwa mara tatu. Bosi alikuwa amemwonea huruma, akampa nafasi ya mumewe. Yalikuwa yamebaki magari kumi na moja, na mwanamke huyo alikuwa na watoto.

"Mwonyeshe kazi, fundi," alisema Bosi. "Huyu ni wenu."

Jicho akasema labda aanze na msasa. Bosi akajibu kwamba wa msasa wanatosha, pengo liko bandani. Akangoja kidogo, kwa adabu, kuona kama fundi ana jambo jingine. Fundi akatangulia kuelekea bandani.

Bandani gari la thelathini lilikuwa limeshabandikwa magazeti madirishani. Jicho alimfundisha jinsi ya kushika bomba la rangi na jinsi ya kusogeza mkono bila kusimama. Mwanamke alishika haraka. Kisha akampa kitambaa, naye akajifunga puani, akauliza kama iko sawa.

"Kaza, shemeji."

Akakaza.

"Kaza tena."

"Nikikaza zaidi sitapumua."

Jicho akazunguka akasimama nyuma yake, mahali ambapo asingeonekana uso, akashika ncha mbili za kitambaa, akavuta mwenyewe.