Faida ya Mutu Mupya

Kwenye ukuta wa koperative ya akiba, karibu na soko la Kasongo, lilibandikwa tangazo: mwanachama mpya atapata faida ya sita kwa mia kwa mwaka. Wa zamani wangebaki na mbili.

Louise alilisoma polepole. Alikuwa ameweka humo pesa za mpunga wake tangu binti yake Emmanuella alipoanza shule ya msingi. Mwakani Emmanuella angemaliza sekondari, aingie shule ya wauguzi. Kwa mbili, pesa hazingetosha. Kwa sita, zingetosha.

Alimwendea Zéphirin, msimamizi wa koperative, ambaye pia alikuwa shemasi kanisani kwao.

"Shemasi, nani alikosea kuandika?"

"Hakuna kosa, mama. Iko ya kuvuta watu. Wachimbaji wa zahabu wa Kabambare wanaficha pesa chini ya kitanda."

"Na miye nani alinivuta?"

"Weye ulikuja mwenyewe."

"Basi nilikosea kuja mwenyewe."

"Hapana. Ule ni uaminifu. Tunaushukuru sana."

"Munaushukuru kwa mbili."

Nyuma yake Bisimwa, mfanyabiashara wa dhahabu aliyejiunga juma lililopita, alicheka. "Mama, mugeni ndiye anachinjiwa kuku. Mwenye nyumba anakula majani ya sombe."

"Na kuku iko ya nani?"

Louise alimgeukia tena Zéphirin.

"Shemasi, mutu mupya ni nani?"

"Ni yule ambaye hajawahi kuwa kwetu."

Louise alirudi nyumbani, akafunga na kuombea ada ya binti yake. Utotoni alibatizwa kwa matone kichwani. Kanisa lao, lililokuwa la marehemu mume wake, lilitaka azamishwe, naye kwa miaka mingi alikuwa akimwomba Mungu amwondolee hofu ya mto. Kama Mungu angejibu maombi mawili kwa maji yaleyale, yeye hakuona ubaya.

Jumapili, kule Nyangwe, mchungaji alimzamisha katika mto Lualaba.

"Louise amekufa!" alitangaza. "Huyu ni Viviane, mutu mupya!"

Zéphirin ndiye aliyeanzisha wimbo. Alipiga makofi kuliko wote.

Kesho yake mama huyo alifika kwenye dirisha la koperative na cheti cha ubatizo.

"Nimekuja kujiunga. Naitwa Viviane."

Zéphirin alikisoma cheti mbele na nyuma. "Lakini ni weye."

"Pasta amesema hapana."

"Pasta alisema mambo ya roho, mama."

"Basi niliambie kanisa kwamba shemasi anasema Louise hakufa?"

Watu wa foleni walisogea karibu. Wengi wao walikuwa waumini.

"Louise alikufa," Zéphirin alisema, akijifuta jasho. Kisha uso wake ukachangamka. "Lakini pesa iko ya Louise. Viviane hana kitu hapa."

Mama alifumba macho. Midomo yake ilicheza bila sauti. Watu walingoja, kwa sababu anayeomba hakatizwi.

"Amina," alisema. "Na kama marehemu aliacha mutoto?"

"Mutoto anarithi."

"Emmanuella, kuja."

Emmanuella aliingia kutoka barazani. Hakuwa amewahi kuwa na akaunti popote. Zéphirin alitafuta kanuni ya kumkataa, akaikosa. Akafunga akaunti ya marehemu na kuanza kumwandikisha binti: mwanachama mpya, sita kwa mia.

Alipofika kwenye jina la mama, kalamu ilisimama.

"Nikiandika Louise, wakubwa wetu wa Kindu watauliza cheti cha kifo. Nikiandika Viviane, watauliza alizaa lini, naye amezaliwa jana."

Emmanuella alimtazama mama yake kwa wasiwasi. Bila jina hilo akaunti isingefunguliwa, na pesa sasa hazikuwa za mtu yeyote.

"Andika Mama Emmanuella," alisema mama. "Lile halijabatizwa."

Zéphirin aliandika, akapiga muhuri. Mama Emmanuella alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na msimamizi, kwa kuwa alikuwa shemasi, ilimbidi aitikie amina.